Kila Diski na Kigingi Chake

Watu wa Samuye wakisimulia habari za kisima cha pampu, kile kilichopo pale palipokuwa zizi la Bujiku, hutaja kwanza mradi, kisha mhandisi, kisha mwenyekiti. Ngassa huwaacha wamalize. Halafu husema, "Na Nyamizi." Basi. Haongezi neno, na hakuna anayebisha.

Nyamizi alikuwa mke wake. Alifariki mwaka juzi, baada ya masika.

Alizaliwa ng'ambo ya Maganzo, kwa mzee Mwigulu, mfugaji ambaye hakumwelewa mtu anayechimbua ardhi kutwa nzima kutafuta kijiwe cha almasi. Mzee huyo alichelewa kupata mtoto wa kiume. Kwa hiyo siku za kuwakata ndama alama ya masikio, Nyamizi ndiye aliyeshika vichwa, na alipokuwa mkubwa kidogo akapewa kisu mwenyewe. Pengo moja sikio la kulia, mawili la kushoto. Ng'ombe akipotea hata usiku wa giza, unampapasa sikio unajua ni wa nani. Alisoma hadi darasa la saba. Ngassa hakukanyaga shule. Alipooa, watu wa Samuye walimtania kwamba ameleta nyumbani karani. Alijibu kwamba karani anayejua kukamua hapatikani kila siku.

Watoto walipoanza kukua, Nyamizi alipata kazi ya kufagia na kuchemsha chai kwenye ofisi moja mjini Shinyanga, ya watafiti wa miamba waliokuwa wakitoboa ardhi huku na huko, Shinyanga hadi Geita, wakisaka almasi na dhahabu. Ofisi ile ilifungwa zamani na jina lake halina haja hapa. Mwaka wa tisini na tatu ililetewa kompyuta. Si hizi za kukunja na kuweka mapajani. Ile ilikuja na ukoo mzima. Mashine yenyewe ilikaa katikati, na diski zake zilikaa nje, kila moja ndani ya boksi lake la chuma, pamoja na boksi jingine la kusomea tepu, yaani mikanda ya kuhifadhia kumbukumbu. Maboksi yote yaliunganishwa kwa waya mmoja mnene, huyu akimshika huyu mkia, kama ng'ombe wanaokwenda kunywa lamboni.

Aliyeijua mashine ile ni mpimaji wa miamba aliyeitwa Otmar, mtu wa Ushirombo, Mkatoliki mpole, mrefu, mwenye kikohozi. Wengine pale ofisini walikuwa wakisogeza maboksi ovyo, kesho yake mashine haiamki. Otmar akagundua kwamba mfagiaji ndiye mtu pekee anayeondoa vumbi na kurudisha kila boksi palepale lilipokuwa. Akamwita, akamfundisha.

Jioni ile Nyamizi alirudi nyumbani akamsimulia mumewe huku anapepeta mtama. Alisema kwamba kwa kuwa waya ni mmoja, mashine haiwezi kumwita mtu kwa kumtazama. Inamwita kwa namba, kuanzia sifuri hadi saba. Na namba haiji yenyewe. Inapachikwa kwa mkono. Tumboni mwa kila boksi kuna vijiti vidogo kama sindano, jozi tatu, na kofia ndogo za plastiki za kuvivalisha, mafundi huziita jampa. Jozi ya kwanza ikivaa kofia, hiyo ni moja. Ya pili ni mbili. Ya tatu ni nne. Unajumlisha zilizovaa.

Ngassa aliokota kokoto tatu akazipanga chini. Akafikiri. Akafunika ya kwanza na ya tatu kwa vifuniko vya chupa.

"Tano," alisema.

Nyamizi aliacha ungo. Alimtazama kwa muda. Miaka mingi baadaye Ngassa bado anakumbuka kutazamwa kule.

Kisha Ngassa akauliza, na mbili zikipewa namba moja? Akaambiwa kwamba ikiitwa namba hiyo zinaitika zote kwa pamoja, na mashine inaduwaa kama mama aliyeitikiwa na watoto wawili asijue amtume nani. Ngassa akasema ndiyo maana wazee walinena, fahali wawili hawakai zizi moja.

"Wanakaa, Baba Noela," Nyamizi alisema. "Kwa baba walikaa wanne. Ila kila mmoja na kigingi chake."

Maneno hayo alikuja kuyarudia mara nyingi, na si kwa diski tu.

Lakini hakuanza kwa kujua. Alianza kwa kukosea, na kosa lake alilisimulia mwenyewe, akianza kucheka kabla ya wasikilizaji. Ofisi ilipohamisha kambi kwenda Nyarugusu kwa miezi kadhaa, Nyamizi alikwenda na mashine. Barabara ilikuwa imechimbika, na diski hazipendi kutikiswa, basi alikaa kwenye lori kutoka Shinyanga hadi kule na diski mbili mapajani, amezifunga kwa kanga kama mapacha. Wachimbaji wadogo waliomwona akishuka walimpa pole ya uzazi.

Kambini ikaletwa diski mpya kutoka Mwanza, kubwa kuliko zote. Otmar alikuwa porini. Nyamizi akaikagua, akaona hii ni mgeni wa heshima. Kwao mgeni wa heshima hapewi makombo. Alikuwa amemsikia Otmar akisema kwamba namba kubwa ndiyo yenye sauti. Wawili wakitaka kusema kwa pamoja, mwenye namba kubwa anapishwa. Akaivalisha mgeni kofia zote tatu. Saba.

Mashine ikanyamaza. Haikuona mgeni, haikuona mwenyeji, haikuona tepu. Wapimaji wakakaa na karatasi zao mkononi nusu siku nzima, na mmoja wao akasema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba ndiyo faida ya kumpa mfagio shahada.

Otmar aliporudi hakugomba. Alimwuliza kwa baba yake mwenye kile kigoda cha mlangoni ni nani. Akajibu ni baba. Mgeni akija anakikalia? Akajibu hakikaliwi, hata mgeni awe mtemi.

"Basi saba ni kigoda cha mashine yenyewe," Otmar alisema. "Mgeni mpe kingine chochote."

Kutoka siku hiyo hakukosea tena. Alijifunza na jambo lingine, kwamba mashine za ukoo ule zina mwiko wao. Mtu angedhani diski ya kwanza, ile inayoiamsha mashine asubuhi, itakaa sifuri. Haikai. Inakaa tatu. Diski ya pili inakaa moja, na tepu nne. Nyamizi alimwuliza Otmar sababu, naye akasema walioziunda walitaka hivyo. Nyamizi hakuuliza mara ya pili. Alikuwa ameolewa kwenye ukoo usiokula swala. Alijua mwiko haudaiwi sababu.

Ila aliona kwamba wengine watasahau. Basi alichukua kisu na mbele ya kila boksi, ukingoni mwa plastiki, akakata mapengo. Matatu kwenye diski ya kuamshia. Moja kwenye ya pili. Manne kwenye boksi la tepu. Kama masikio ya ndama.

Ofisi ilipofungwa, watafiti wakaenda zao na mashine ikabaki stoo mjini, pamoja na mikanda yote ya kumbukumbu za mashimo waliyotoboa. Hakuna aliyempa Nyamizi kazi ya kuitunza. Alijipa. Kila mwaka baada ya mavuno alipanda basi kwenda mjini, mlinzi akamfungulia, akaiamsha mashine, akazungusha mikanda mmoja mmoja mpaka mwisho na kurudi. Alisema mkanda usiozungushwa hunatana, kama mtama usiogeuzwa ghalani. Ngassa alimwuliza siku moja analinda nini. Akasema, "Watu walitoboa ardhi yetu yote. Waliyoyaona yamo mle."

Alifanya hivyo miaka tisa. Mwaka wa kumi alisikia kwamba stoo inapata wenyewe wapya na kufuli itabadilishwa. Alikwenda mara ya mwisho, akarudi na kitu kimoja kidogo mkobani, cheusi, kina meno ya pini upande mmoja. Akakitia kwenye kopo la vifungo. Ngassa alikiona mle kila alipotafuta kifungo cha shati. Mara mbili alitaka kukitupa. Mara mbili aliambiwa, "Hicho acha."

Kisha ukaja mwaka wa 2019.

Samuye haikuwa na maji ya kunywa ya kuaminika. Kiangazi wanawake walifukua mchanga wa mto mkavu, wakasubiri maji yachuruzike, wakachota kwa kibuyu. Nyamizi mwenyewe alifukua mchanga ule tangu alipoolewa, na wakati huo alikuwa na miaka sitini na ushee na macho yake yameanza kuingiwa na ukungu. Mradi wa serikali ukaleta mtambo wa kuchimba visima. Kijiji kilipewa nafasi tatu. Shimo la kwanza, vumbi. La pili, vumbi. Mhandisi akasema la tatu likiwa kavu mtambo unakwenda kijiji kingine, na hajui utarudi lini. Aliwapa hadi Jumatatu kuchagua mahali.

Bujiku, mwenyekiti wa kijiji, alikumbuka kwamba zamani watafiti wa almasi walitoboa hapa Samuye mashimo mengi, na shimo moja lilirusha maji wakaliziba kwa udongo, kwa sababu hawakuwa wakitafuta maji. Lakini lilikuwa wapi? Vigingi viling'olewa, pori likafyekwa, pamba ikapandwa. Wazee watatu walionyesha sehemu tatu, kila mmoja akiapa kwa marehemu baba yake. Karatasi za ofisi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Ilibaki mikanda.

Mhandisi akamwita fundi wa kompyuta kutoka Mwanza, kijana msomi aliyeitwa Wilbard. Alhamisi nzima Wilbard alikaa stoo mjini akihangaika. Jioni akasema diski imekufa.

Bujiku alikuja kwa Ngassa asubuhi ya Ijumaa. Hakukaa. Alisema, "Mama Noela, ile mashine yako wanaizika."

Nyamizi alinawa mikono. Akafungua kopo la vifungo, akachukua kile kidude cheusi, akakifunga kwenye pindo la kanga. Ngassa akavaa koti lake akaenda naye, kumshika mkono kwenye ngazi.

Stoo ilikuwa imejaa vumbi na jua la dirishani. Wilbard alisimama haraka, akatoa shikamoo kwa wote wawili, akaitikiwa marahaba. Alikuwa kijana wa adabu. Ngassa hajawahi kumsema vingine. Lakini usoni ilionekana anajiuliza bibi huyu mwenye ukungu machoni ameletwa kufanya nini. Akaeleza kwa upole kwamba mashine inawaka ila haioni diski, na kitu cha zamani kiasi hicho hufa, ndiyo hali ya dunia.

Nyamizi alisogea kwenye maboksi. Alitembeza vidole kwenye ukingo wa boksi la kwanza. Mapengo matatu. La pili. Moja. La tatu, manne. Yote yalikuwepo.

"Baba, umefungua matumbo yao?"

Wilbard alikiri. Alisema namba zilikuwa ovyo ovyo, tatu, moja, nne, kama mtu aliyekuwa akibahatisha. Yeye alizipanga vizuri, sifuri, moja, mbili.

"Zilikuwa zimepangwa," Nyamizi alisema. "Mashine ikiamka inamwita tatu. Wewe umemhamisha tatu, halafu unasema amekufa."

Wilbard aliinamia boksi. Akauliza, kwa sauti ya chini sasa, mama anajuaje ni tatu. Nyamizi alimshika mkono, akaweka kidole chake kwenye mapengo. Kijana alisema alidhani ni panya.

"Panya anayehesabu," Nyamizi alisema, na Bujiku akacheka mlangoni.

Macho hayakumruhusu kushika zile kofia ndogo. Basi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akawa anaelekeza, na msomi akawa mikono. Diski ya kuamshia: vika ya kwanza na ya pili, ya tatu iache wazi. Diski ya pili: ya kwanza peke yake. Tepu: ya tatu peke yake, ya pili ivue. Ngassa, ukutani, alikuwa akijumlisha kimoyomoyo. Tatu. Moja. Nne. Zilipatana.

Wakawasha. Kimya. Kioo kikaandika maneno yaleyale ya jana.

Bujiku alihesabu kwa vidole. Siku zilikuwa zimebaki tatu. Ngassa alimwona mkewe akifumba macho, si kwa huzuni, bali kama anavyofanya mtu anayesikiliza ng'ombe wanaorudi. Akasema wazime. Akauliza nani amekaa mwisho kwenye waya. Wilbard akajibu ni tepu. Nyamizi akapeleka mkono nyuma ya boksi la tepu, mahali pa kuunganishia waya mwingine, akapapasa. Tundu tupu.

"Mkia hauna fundo," alisema.

Wilbard akajipiga kofi kwenye paji la uso. Alijua jambo hilo, amelisoma. Kwenye waya wa namna ile, boksi la mwisho lazima lizibwe kwa kizibo chake, la sivyo sauti inafika mwisho, inagonga, inarudi, na mashine inasikia kelele badala ya majina. Alikuwa amekitafuta jana, hakukiona chumba kizima, akaamua kujaribu hivyohivyo. Sasa akasema kizibo cha aina ile hakiuzwi tena, si Shinyanga, si Mwanza. Pengine kuagiza ng'ambo. Mwezi mmoja.

Nyamizi alifungua pindo la kanga.

Akatoa kile kidude cheusi. Wilbard alikipokea kwa mikono miwili. Bujiku ndiye aliyeuliza, ulikiiba lini?

"Nilikiazima," Nyamizi alisema. "Walipotaka kubadilisha kufuli nilijua maboksi watayaacha, ni mazito. Hiki kingekwenda na takataka."

Ngassa alitazama sakafu. Alikuwa akifikiria zile mara mbili alizotaka kukitupa.

Kizibo kikakaa. Wakawasha. Boksi la kwanza likaanza kuvuma, taratibu, kama jiwe la kusagia linaloshika kasi. Maandishi yakashuka kwenye kioo na Wilbard akawa anayasoma kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina.

"Tatu, yupo. Moja, yupo. Nne, tepu, yupo."

"Na saba?" Nyamizi aliuliza.

Wilbard akageuka. Akaona anapimwa. "Saba haitwi, mama. Saba ndiye anayeita."

"Huyu amesoma," Nyamizi alimwambia mumewe.

Mkanda wa Samuye ulipatikana kwa urahisi kwa sababu nao ulikuwa na alama yake. Wilbard alitaka kuusoma mara moja. Nyamizi akakataa, mkanda uliokaa miaka yote ile uzungushwe kwanza mpaka mwisho na urudi, bila kusomwa, usije ukakatika. Aliweka kiganja juu ya boksi muda wote ulipokuwa ukizunguka. Ulipotulia alisema, sasa. Na ule mkanda ukatoa kila ulichopewa. Wilbard aliunakili kwenye kompyuta yake ndogo, akautafuta mstari mmoja, akausoma mara mbili: shimo la thelathini na moja, mita hamsini na nane, maji mengi, limefungwa. Na vipimo vya mahali.

Jumamosi mhandisi alikuja Samuye na kifaa cha kuonyesha mahali. Watu walimfuata. Akapita shamba la pamba, akapita njia ya ng'ombe, akazunguka nyumba ya Bujiku, akasimama katikati ya zizi lake, kwenye samadi hadi vifundoni. Akasema ni hapa.

Bujiku alitazama zizi lake la miiba, alilorithi kwa baba yake. Watu wakamtazama yeye. Nyamizi, aliyekuwa ameshikwa mkono na Ngassa nyuma ya umati, akasema bila kupaza sauti kwamba ng'ombe hawana neno, ni kuhamisha vigingi tu. Watu wakacheka, na Bujiku akacheka mwisho. Jumapili baada ya misa kijiji kizima kilihamisha zizi. Jumatatu mtambo ukaanza. Jumanne, saa nane mchana, matope yakatoka, kisha maji ya rangi ya maziwa, kisha maji.

Mhandisi alitaka Nyamizi apige picha na wakubwa. Alikataa, alikuwa na nguo ya kazi. Alichota ndoo ya kwanza kwa sababu wanawake walikataa kuchota kabla yake. Akamimina kidogo chini kwa wa kwao waliotangulia, akanywa, akampa mumewe. Maji yalikuwa na chumvi kidogo. Ngassa alisema matamu.

Nyamizi alikunywa maji yale miaka minne.

Wilbard alikuja kwenye mazishi. Alitoka Mwanza kwa basi la alfajiri, akashika koleo pamoja na vijana wa kijiji. Baadaye alimwambia Ngassa kwamba siku hizi, kila anapofundisha wenzake mashine za zamani, huwaambia kabla ya kusogeza chochote wapapase kwanza ukingoni. Wenzake wanadhani ni mila. Ngassa akamshika kwa mikono miwili, akamwambia wabeja, asante ya kwao.

Sasa Ngassa huchota maji mwenyewe. Kwao mwanamume hapangi foleni na ndoo, na siku za mwanzo wanawake walimtania, wakimwuliza Baba Noela ameolewa wapi. Aliwaacha. Ndoo yake ina mapengo manne ukingoni. Nyamizi aliyakata zamani ili isichanganyike na za jirani. Wiki iliyopita alikuwepo bi harusi mgeni, ameletwa kutoka Bukombe, hajui watu. Akaigusa ile ndoo akauliza mbona imeliwa na panya.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakamgeukia wote. Ngassa hakuhitaji kufungua mdomo. Walianza kumsimulia, mmoja akimkatiza mwingine, kuhusu mashine iliyokufa na mama aliyeiita kwa namba yake. Ngassa aliweka ndoo chini ya bomba, akasukuma pampu, na akawa anasikiliza hadi ikajaa.